Masisi na Walikale: Mbwa anayeanguka kifafa si lazima awe na kichaa

Katika vijiji vingi vya Masisi na Walikale, mbwa akianguka chini, akakaza miguu na kutoa povu mdomoni, fimbo inafika kabla ya swali. Watu wanasema ana kichaa. Woga huo una sababu. Kichaa cha mbwa kinaua, na mtu akishaanza kuonyesha dalili zake, karibu kila mara hakuna kurudi. Tangu Julai 1885, Louis Pasteur alipompa chanjo mtoto Joseph Meister huko Paris, kuna njia ya kumwokoa aliyeumwa, lakini inafaa tu kwa yule anayefika mapema kwenye kituo cha afya. Mkaaji wa msitu wa Walikale anayetembea kwa miguu mpaka aikute barabara hawezi kulaumiwa sana kwa kuwahi fimbo.

Ila si kila mbwa anayetetemeka ana kichaa. Wako wenye kifafa, sawasawa na watu, na jambo hilo linajulikana tangu zamani. Maandishi ya Kigiriki yaliyopewa jina la Hippocrates, ya miaka karibu 400 kabla ya Kristo, yalikataa kwamba kifafa kinatumwa na miungu. Yalimwambia msomaji apasue kichwa cha mbuzi mwenye ugonjwa huo, ataona ubongo umejaa maji. Maelezo ya maji hayakudumu. Lakini wazo kwamba shida iko ndani ya ubongo, kwa mtu na kwa mnyama, limesimama mpaka leo. Wafugaji wa Masisi, wanaojua mbuzi kuliko Mgiriki yeyote, hawatashangaa.

Mbwa wa misitu ya Kongo nao wana sehemu yao katika habari hii. Ni wadogo, hawabweki kama mbwa wengine, na wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni ili wasikike vichakani. Mwaka wa 1895 baadhi yao walipelekwa Uingereza kuonyeshwa. Walikufa muda mfupi baadaye kwa distempa. Mwaka wa 1923 Lady Helen Nutting alipeleka wengine sita kutoka Sudani hadi London, nao wakafa. Ni katika miaka ya 1930 tu ndipo Olivia Burn alifaulu kuwafuga huko, na kwenye maonyesho ya Crufts ya 1937 watu walisongamana kuwaona. Wazungu waliwaita Basenji, neno lile lile la dharau ambalo watu wa pwani wanalitamka "washenzi". Mbwa hakuulizwa.

Distempa ndiyo ugonjwa ambao waganga wa mifugo wa Kongo wanauita kwa jina la Carré, Mfaransa Henri Carré aliyeonyesha mwaka wa 1905 kwamba unaletwa na virusi. Unaanza na homa, macho machafu, mafua na kuhara. Kisha unaweza kupanda ubongoni. Mbwa mdogo anayepona anaweza kubaki na mishtuko maisha yake yote, na hapo ndipo wengi wanapigwa mawe kwa kosa ambalo si lao. Ukali wake ulionekana Serengeti, Tanzania, mwaka wa 1994: simba walianguka na kutetemeka mbele ya macho ya watalii, na karibu theluthi moja ya simba wa mbuga hiyo, kama 1,000 hivi, walitoweka. Watafiti walielekeza macho kwa mbwa wa vijiji vya jirani, waliokuwa wengi na bila chanjo. Baada ya hapo kazi ya kuwachanja mbwa hao ilianzishwa.

Kwa upande wa watu, somo kubwa liko Mahenge, kusini mwa Tanzania. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alifika huko mwishoni mwa miaka ya 1950 akakuta wagonjwa wa kifafa wakitengwa. Mtu akianguka motoni, wengine waliogopa kumshika, kwa kuamini mate yake yanaambukiza. Wengi walikuwa na makovu ya moto. Alifungua kliniki na kuwapa fenobabitali, dawa ambayo Mjerumani Alfred Hauptmann aliieleza mwaka wa 1912 kuwa inapunguza kifafa. Ni dawa ya bei ndogo, na mpaka leo ndiyo hiyo hiyo waganga wa mifugo wanayompa mbwa.

Familia inayotaka kumchukua mbwa mdogo wa namna hiyo ijue kwanza tofauti. Mwenye kifafa anatetemeka dakika moja au mbili, anaamka amechanganyikiwa, kisha anarudi kuwa yule yule, anakula na kumtambua mwenyewe. Mwenye kichaa anaendelea kuharibika na anakufa katika siku chache. Hata hivyo mbwa asiyejulikana anayetetemeka asiguswe na mtoto, maana kichaa nacho kinaweza kuleta mishtuko. Aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ile ile. Mbwa wa nyumbani akianguka, asitiwe kitu mdomoni. Aondolewe karibu na moto na mawe, aachwe mpaka aamke. Ikipita dakika 5 bila kutulia, hiyo ni hatari ya kweli.

Dawa inapimwa kwa uzito, kwa hiyo mbwa mdogo anahitaji kidogo. Inatolewa asubuhi na jioni, na kipimo kinatoka kwa mganga wa mifugo. Vidonge vya mtoto mwenye kifafa visigawanywe na mbwa. Mganga huyo mara nyingi anakuja kwa ajili ya ng'ombe, na mbwa anasubiri mpaka mwisho.

Shida kubwa ni vita. Fenobabitali haikatizwi ghafla; ikikatizwa, mishtuko inarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa mtu na kwa mbwa. Mapigano yalipofika Masisi-kati Januari 2025 na Walikale-kati Machi mwaka huo, na kambi za kando ya Goma zikavunjwa Februari, wahami waliondoka na kile walichoweza kubeba kichwani. Mwenye mgonjwa wa kifafa nyumbani, awe mtoto au mbwa, anafanya vizuri kufunga vidonge vya wiki mbili katika nailoni, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na kipimo, na kuviweka katika mzigo ule unaobebwa wa kwanza.