Beji ya ENSA: Kumbukumbu ya watumbuizaji wa vita na nafasi yake katika Bonde la Ufa

BEJI ndogo yenye herufi nne, ENSA, ni miongoni mwa kumbukumbu za Vita vya Pili vya Dunia ambazo wengi huziona bila kuzitambua.

Si nishani ya ushujaa, wala si alama ya kikosi cha mapigano. Ilikuwa ya waimbaji, waigizaji, wapiga ala na wachekeshaji waliotumwa kuwatumbuiza wanajeshi wa Uingereza.

Herufi hizo ni ufupisho wa Entertainments National Service Association, shirika lililoasisiwa mwaka 1939 na Basil Dean pamoja na Leslie Henson. Makao yake yalikuwa katika jumba la Theatre Royal, Drury Lane, jijini London.

Wasanii wake walizuru kambi, hospitali na viwanda vya silaha. Miongoni mwao walikuwa Gracie Fields, George Formby na Vera Lynn, ambaye mwaka 1944 alifika hadi Burma.

Waliokwenda ng'ambo walivaa sare na kupewa hadhi ya ofisa, ili wakitekwa na adui wachukuliwe kuwa wafungwa wa vita. Kwa hivyo alama ya ENSA haikuwa pambo tu. Baada ya vita, kazi ya shirika hilo ilirithiwa na Combined Services Entertainment.

NAKURU WAKATI WA VITA

Bonde la Ufa halikuwa uwanja wa mapigano, lakini lilijaa wanajeshi. Kati ya mwaka 1941 na 1943, Nakuru ilikuwa kituo cha mafunzo cha jeshi la anga la Uingereza. Gilgil kulikuwa na kambi kubwa, na makaburi ya vita yaliyoko huko yangali yanatunzwa. Wafungwa wa Kiitaliano nao walijenga kanisa dogo kando ya barabara ya Mai Mahiu.

Vita vilipokwisha, serikali ya kikoloni iliwapa wanajeshi wengi wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu, na baadhi yao walipata mafunzo ya kilimo katika chuo cha Egerton, Njoro. Mwaka 1949, jumba la maonyesho la Nakuru Players lilianzishwa mjini humo. Askari Waafrika waliorejea hawakugawiwa mashamba kama hayo.

WATUMBUIZAJI WA KEYA

Kenya pekee ilitoa takriban wanajeshi 98,000 Waafrika katika vita hivyo. Wengi walikuwa katika King's African Rifles, jeshi ambalo wananchi waliliita Keya.

Hawa nao walikuwa na watumbuizaji wao, tena wenyewe wakiwa askari. Mashuhuri kati yao ni Fundi Konde, mzaliwa wa Pwani, aliyetumikia kitengo cha burudani cha Keya hadi Burma. Baada ya vita alirekodi nyimbo na Peter Colmore, na akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kupiga gitaa la umeme. Alifariki mwaka 2000.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943 na kupigana katika bonde la Kabaw na mto Chindwin, ilikuwa na nembo ya kichwa cha kifaru. Baada ya vita, wanamuziki waliotoka katika kitengo cha burudani waliendelea kupiga pamoja wakijiita Rhino Boys, yaani Vijana wa Kifaru.

Hivyo burudani ya vita iliacha kumbukumbu za aina mbili: beji za wasanii wa Uingereza, na muziki wa dansi wa Kiswahili ulioenea mijini katika miaka ya 1940 na 1950.

JINSI YA KUHIFADHI

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kuwa kale vitu vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Beji ya mwaka 1940 haimo katika kundi hilo, na hatima yake imo mikononi mwa familia iliyo nayo.

Aliye na beji ya aina hii hapaswi kuisugua kwa dawa ya kung'arisha shaba, kwani huondoa maandishi na alama za mtengenezaji. Inatosha kuifuta kwa kitambaa kikavu na kuiweka mahali pasipo unyevu.

La muhimu zaidi ni kuandika jina la mwenyewe, mahali alipotumikia na mwaka, kisha kuiweka pamoja na picha au barua zake. Makavazi ya Kitaifa, ambayo yana tawi la Hyrax Hill karibu na mji wa Nakuru, yanaweza kutoa ushauri.

Sahani za santuri, picha na vyeti vya kuachishwa jeshi vya askari wa Keya vinastahili uangalizi uo huo. Wazee wanaoweza kueleza vilikotoka wamebaki wachache, na familia nyingi hazijawahi kuwauliza.