Alikusudia, au Hakukusudia?

Ndugu msikilizaji, watu wawili wamegombana kilabuni kwa ajili ya deni. Mmoja amechukua panga akamkata mwenzake mguuni, na yule aliyekatwa amekufa kwa kutokwa na damu. Mtaani watu watasema, "Kaua." Mahakamani neno hilo halitoshi. Huko huulizwa: alikusudia, au hakukusudia? Jibu la swali hilo ndilo linalotenganisha kifungo na kitanzi.

Wengi wetu hudhani kukusudia ni kutaka mtu afe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, Sura ya 16, haiishii hapo. Katika toleo la 2002, kifungu cha 200 kinasema dhamira ovu anayo aliyetaka kuua, na anayo pia aliyetaka kumdhuru mtu vibaya tu. Anayo aliyejua kuwa kitendo chake huenda kikaua, asijali. Anayo hata aliyekuwa akitenda kosa jingine lenye adhabu inayozidi kifungo cha miaka 3. Basi yule mwenye panga asidhani kwamba kusema "sikutaka afe" kutamwokoa.

Aliyeua bila kukusudia, mathalani kwa kuchokozwa ghafla akapandwa na hasira, jaji humpimia adhabu, nayo yaweza kufika kifungo cha maisha. Lakini kwa aliyekusudia, kifungu cha 197 kiliweka adhabu moja tu, yaani kunyongwa. Waliosazwa ni mwanamke mjamzito na mtu aliyekuwa chini ya miaka 18. Wengine wote, awe jambazi aliyeua watu watatu au mwana aliyemuua baba mkatili, hukumu yao ilikuwa moja.

Sheria hii tuliipata wapi? Baada ya Mwingereza kuichukua Tanganyika kutoka kwa Mjerumani, kwanza alituletea sheria ya jinai ya India. Mwaka 1930 akaiondoa, akaweka kanuni mpya hapa Tanganyika, Kenya na Uganda. Mfano wake ulitokana na kanuni ya Queensland, Australia, ya mwaka 1899. Nguo hiyo, kwa hiyo, haikupimwa kwenye mwili wetu. Fundi mwenyewe baadaye aliibadili ya kwake: mwaka 1957 Uingereza ilifuta ile kanuni ya kumhesabu mtu kuwa muuaji kwa sababu tu alikuwa akitenda kosa jingine, na mwaka 1965 ikaacha kunyonga wauaji. Sisi tulibaki tumeivaa.

Si kwamba hakuna aliyehoji. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kuwa adhabu ya kifo inapingana na Katiba, akawapa washtakiwa wawili kifungo cha maisha. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba adhabu hiyo ni ya kikatili na inamdhalilisha binadamu, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya umma. Kitanzi kikarudi kwenye vitabu.

Majirani walichukua njia nyingine. Mahakama ya Juu ya Uganda mwaka 2009, na ile ya Kenya mwaka 2017, hazikufuta adhabu ya kifo. Zilichofuta ni ulazima wake, ili jaji apate nafasi ya kupima. Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, iliiambia Tanzania kuwa kumnyima jaji nafasi hiyo ni kuvunja haki ya kuishi.

Ndugu msikilizaji, aliyefiwa ana machozi yake, na hakuna awezaye kumwambia anyamaze. Damu haiwezi kumwagika bure. Lakini tunamteua jaji kwa elimu na busara yake, tunamketisha asikilize mashahidi siku nyingi, kisha mwishoni tunamwambia: yote uliyoyasikia kuhusu mtu huyu, hali yake na sababu zake, yaweke kando, soma sentensi moja tu. Mwenye duka hapimi sukari na chumvi kwa kukisia, seuze roho ya mtu. Kama mzani tunao, kwa nini tuufunge kamba?