Homa ya Mwaka 1918 Yaingia Mombasa
Homa kali ya mafua iliyoenea duniani ilifika Mombasa kwa njia ya bahari mwezi Septemba 1918, ikapanda bara kwa reli ya Uganda, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimekwisha kuwadhoofisha watu kwa njaa na kwa kuwachukua vijana kuwa wapagazi wa jeshi. Kirusi chake, yaani chembe ndogo mno isiyozaliana ila ndani ya seli hai, hujishikiza kwenye njia ya hewa kwa protini iitwayo hemaglutinini, kikaharibu utando wake, na bakteria waliomo kooni wakapata upenyo wa kuleta nimonia, ambayo ndiyo iliyowaua wengi. Mafua ya kawaida huwalemea zaidi wachanga na wazee. Haya ya mwaka 1918 yaliwaangamiza pia, kwa wingi wa kutisha, watu wa miaka 20 hadi 40, walezi na wakulima wenyewe. Madaktari wengi walidhani kwamba chanzo chake ni bakteria aliyeelezwa na Richard Pfeiffer mwaka 1892, kwani kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa London mwaka 1933 tu.