Mpagazi na Gari Kuukuu

Jina la Mtendeni, mtaa wa Tabora, lina harufu ya pwani. Misafara ya Bagamoyo ilipumzika Tabora kabla ya kushika njia ya Ujiji, na mpagazi wa Kinyamwezi akibeba yapata kilo 30. Reli ilipofika mwaka 1912, mizigo mingi ilihamia kwenye mabehewa. Njia za porini zikaja kupitwa na Land Rover, gari lililozinduliwa mwaka 1948.

Bodi yake ya alumini haishiki kutu. Fremu ya chuma hushika. Mwenye gari kuukuu huichomelea, hubadili injini, wala haingii porini peke yake: akikwama, mwenzake humvuta. Ndivyo ulivyokuwa msafara. Lakini gari twalijua hata mwaka lilioundwa. Wapagazi wengi hatuwajui hata majina.