Wanawake wa Wajir: amani ilivyoanzia sokoni

Mara nyingi katika vipindi vyetu tunataja kamati za amani nchini Kenya, zile zinazowaketisha pamoja wazee, wanawake, vijana na maofisa wa serikali. Mfano uliofuatwa kwingi ulitoka Wajir, kaskazini mashariki, na walioanza ni wanawake wachache wasio na cheo chochote.

Ukame wa 1991 na 1992 uliua mifugo mingi huko. Serikali ya Somalia ilikuwa imeanguka Januari 1991, na bunduki zikavuka mpaka. Kisha ukaja uchaguzi wa vyama vingi, Desemba 1992. Koo za Degodia, Ajuran na Ogaden, zilizokuwa zikigombania maji na malisho, sasa zikagombania na viti vya bunge. Watu wengi waliuawa.

Dekha Ibrahim Abdi, mwalimu aliyezaliwa Wajir mwaka 1964, alisimulia baadaye kwamba usiku mmoja risasi zilipokuwa zikilia alijificha chini ya kitanda na mtoto wake. Kulipokucha, mama yake akamwambia kuwa naye alimficha vivyo hivyo alipokuwa mdogo, wakati wa vita vya Shifta. Dekha hakutaka binti yake aje kumficha mjukuu.

Yeye na wenzake wa koo tofauti walianza kuzungumza walipokutana harusini. Kabla ya lolote, waliulizana swali gumu: watu wa ukoo wangu wakiwaua ndugu zako, bado utafanya kazi nami? Aliyeona hawezi ilikuwa heri aseme mapema. Sisi tunaona hapo ndipo msingi ulipowekwa, kwa sababu mauaji hayakukoma siku hiyo.

Walianza na soko. Uhasama ulikuwa umefika hata kwenye vibanda: mwanamke wa ukoo huu hauziwi na wa ukoo ule. Wakaweka kamati ya kulinda soko, ili mwanamke yeyote auze na anunue bila kusumbuliwa. Palipozuka ugomvi, kamati ilifika na kuumaliza kabla haujabebwa nyumbani kwa wanaume wenye bunduki.

Lakini kwa mila, mazungumzo ya kumaliza vita ni ya wazee. Wanawake hawakushindana nao. Waliwaendea, wakawaomba wazee wa koo ndogo zisizohusika na mapigano wawakutanishe wakubwa. Mwaka 1993 wazee wakakubaliana juu ya Azimio la Al-Fatah, lililoweka masharti ya kurudi kwenye amani.

Na fedha? Safari za kwenda vijijini zilihitaji gari na mafuta. Wanawake walichangishana wao kwa wao, kisha wakawageukia wafanyabiashara wa mjini, ambao nao vita vilikuwa vikiwatia hasara. Hivyo kukawa na uwezo wa kutuma kikundi haraka mahali palipoanza kufuka moshi. Mwaka 1995 juhudi za wanawake, vijana na wazee ziliunganishwa na utawala wa wilaya, ikawa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir.

Mambo hayakunyooka yote. Azimio la Modogashe la 2001, lililopeleka utaratibu huu katika wilaya nyingine za kaskazini, lilitaja fidia ya mifugo 100 kwa mwanamume aliyeuawa na 50 kwa mwanamke. Yaani wanawake waliofungua njia walihesabiwa nusu.

Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Mapema 2008, Kenya ilipowaka baada ya uchaguzi, alikuwa miongoni mwa waliokutana Nairobi kila asubuhi kutafuta suluhu, pamoja na Jenerali Lazaro Sumbeiywo na Balozi Bethuel Kiplagat. Alifariki kwa ajali ya barabarani Julai 2011, yeye na mumewe. Miaka mitatu baadaye Wadegodia na Wagarre walipigana kwenye mpaka wa Wajir na Mandera, na kamati zikarudi tena barabarani.