Maji moto alfajiri: somo la mwaka 1909

Nimekuwa kimya kidogo, nilikuwa nahangaika na paa langu. Nilichoka kuona shawa ya stima ikimeza tokeni, nikamwita fundi aniwekee paneli ya jua ya kupasha maji. Saa kumi jioni maji yalichoma. Saa kumi na moja alfajiri, binti yangu akioga aende shule, yalikuwa baridi kama ya kisima. Na pesa nilikuwa nimeshalipa zote.

Sisi watu wa programu, kitu kikikataa, hurudi nyuma kuangalia kilivyoanza. Basi nikasoma historia.

Mwaka 1891, Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya mtambo ulioitwa Climax: matangi meusi ndani ya sanduku la mbao lenye kioo. Mchana jua liliyapasha maji humo humo tangini. Usiku joto lote lilitoroka kupitia kioo kile kile. Kumbe shida yangu ina zaidi ya miaka 100!

Mwaka 1909, huko California, William J. Bailey akazitenga kazi hizo mbili: paneli ipashe, tangi lililofunikwa vizuri litunze. Tangi akaliweka juu ya paneli. Maji moto ni mepesi, hupanda yenyewe tangini, na ya baridi hushuka kwenye paneli. Pampu ya nini? Mtambo wake aliuita Day and Night, yaani Mchana na Usiku, na ukaishinda Climax. Miaka ya 1920 gesi ya bei nafuu ikaja kuushinda na wenyewe, lakini mpangilio ule ungali unatumika hadi leo.

Nilipofika hapo nikachukua ngazi. Fundi alikuwa ameliweka tangi ubavuni mwa paneli, eti lisionekane kutoka barabarani. Usiku paneli ikipoa, maji yake yanakuwa mazito, yanashuka na kurudi tangini, huku yakivuta maji moto kwenda kupoa juu ya paa. Mzunguko ulikuwa unarudi kinyumenyume!

Tumelipandisha tangi, sasa liko nusu mita juu ya paneli. Jana alfajiri nikasikia kelele bafuni: "Baba, yanachoma!" Sijawahi kufurahia malalamiko namna hiyo.

Nawe ukitaka kuweka paneli, kabla hujatoa pesa muulize fundi: tangi litakaa wapi?