Kutoka Cheo hadi Milki: Matabaka na Ardhi katika Buganda, Nateete Ikiwemo

Katika Ufaransa ya wafalme, makabaila walirithi haki juu ya ardhi na jasho la wakulima. Buganda ya karne ya 19 nayo ilikuwa na matabaka, ila misingi yake ilikuwa tofauti. Chini ya Kabaka walikuwapo bataka, yaani wakuu wa koo. Bami, machifu wa kuteuliwa. Na bakopi, watu wa kawaida. Chifu aliweza kuvuliwa cheo wakati wowote, na mkopi aliyeonewa aliweza kuhamia kwa chifu mwingine.

Huko Nateete, Alexander Mackay na wamisionari wenzake Waanglikana walifundisha kusoma na kuchapa maandiko. Wasomaji wa Kiprotestanti, pamoja na wenzao Wakatoliki, ndio waliokuja kushika uchifu, na mwaka 1900 wakatia saini mkataba na Waingereza. Mkataba huo ulimpa Kabaka maili za mraba 350, na machifu na wamiliki wengine wapatao 1,000 maili 8,000. Cheo kikageuka milki ya kurithishwa; mkopi akawa mpangaji katika shamba la babu yake, akidaiwa kodi ya busuulu na sehemu ya mavuno, envujjo.

Bataka walilalamika. Sheria ya 1927 ilidhibiti tozo hizo na kumkinga mpangaji asifukuzwe ovyo, lakini haikumpa ardhi. Ufaransa ilitangaza kufuta haki za makabaila usiku wa tarehe 4 Agosti 1789. Buganda ilizipunguza tu. Ndiyo maana hadi leo mwenye kibanja na mwenye hati ya mailo hugombea kiwanja kimoja, kila mmoja akiwa na haki.